Pumzi ya Tenki

Asubuhi za Butembo huamka na ukungu mzito, nami bado naamka mapema ingawa hakuna gari linalonisubiri. Nakaa kibarazani na kikombe changu cha kahawa. Sioni hata nyumba ya jirani, lakini nasikia barabara nzima. Lile lori la makabichi la Kasugho linapanda kwa gia ya pili, na springi yake ya nyuma inalia upande wa kushoto. Pikipiki moja inakohoa kwa sababu kuna mtu kaiwekea boji, ile plagi ya kuwashia moto, isiyo yake. Masika, mke wangu, akitoka na kunikuta nimefumba macho hudhani nasali. Simkatalii, maana hata mimi sijui vizuri nafanya nini.

Ninyi mliobaki garajini mmenisumbua niandike. "Papa Kakule, andika mbele ya kusahau," mliniambia siku ile niliyowaachia funguo, kana kwamba kusahau ni gari ambalo limeshapiga honi getini. Haya, naandika. Magoti yangu yamegoma kabisa kuingia chini ya magari, ila mkono bado unashika kalamu. Msitegemee habari za vyeo. Fundi anayefanya kazi ndani ya parseli yake, kiwanja chake mwenyewe, hana wa kumpandisha cheo isipokuwa mke wake, na huyo wangu hajafikiria jambo hilo mpaka leo.

Kazi niliianzia Beni, kwa Tata Mbusa. Garaji yake ilikuwa uwanja wa nyuma ya nyumba, mabati yameshikiliwa na miti ya mkaratusi, na udongo wake umekunywa oili miaka mingi mpaka mvua ikinyesha ardhi inang'aa rangi za upinde wa mvua. Nilikuwa kijana, mikono inaniwasha, nataka kufungua kitu. Yeye akanipa turnevisi moja, bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Akaniambia niweke ncha juu ya injini inayozunguka, na mpini niuegemeze kwenye mfupa nyuma ya sikio.

"Sikiya kwanza," akasema. "Motere inaongeaka. Weye unataka kuikata maneno?"

Sijui kama mmewahi kufanya hivyo bila haraka. Mwanzoni ni kelele tu. Baadaye kelele inafunguka, unasikia vyumba ndani yake: huku valvu zinagonga kidogo kidogo, kule pampu ya maji inazunguka na kunung'unika peke yake, na chini kabisa kuna mvumo mmoja mzito unaotembea kwenye mifupa yako hadi unasahau kwamba una miguu. Siku hiyo ya kwanza nilisinzia nimesimama, turnevisi sikioni. Tata Mbusa hakuniamsha. Alizima injini polepole, na ule ukimya ndio ulionizindua.

"Umelala muzuri?" akauliza. "Bon. Kama umelala, donc umesikia."

Nilimpenda tangu siku hiyo, na sioni haya kusema hivyo.

Alikuwa na mtindo mwingine uliowachekesha watu wa Beni. Mwenye gari akifika, kabla ya boneti kufunguliwa, lazima aimbe. Ndiyo, aimbe ile sauti ya gari lake kwa mdomo. Nakumbuka kapiteni mmoja wa jeshi, mtu wa mbali, jimbo jingine kabisa, mrefu na mwenye miwani myeusi. Jeep yake ilikuwa imegoma kuwaka. Alisimama katikati ya uwanja na sare zake zote.

"Vieux, mzee, inafanya vile: krrr, krrr, pah!"

"Rudiliya, Mukubwa. Ile pah iko mbele ao nyuma ya krrr?"

"Nyuma. Krrr... krrr... pah! Likambo te, hakuna shida, vieux, fanya tu."

"Hapana fanya tu. Rudiliya tena."

Kapiteni akaimba mara nyingine, na jirani wakaanza kukusanyika kwenye uzio. Tata Mbusa akaitikia kwa kichwa, akaingia chini, akatoka na demareri mkononi, ile starta ya kuwashia injini, meno ya gurudumu lake dogo yameliwa kama mahindi yaliyopitiwa na panya. Wengine wangefungua injini nzima siku ile. Sauti iliyotoka mdomoni mwa mwenye gari ina nusu ya dawa ndani yake, kwa sababu mtu huyo amekaa nayo, amelala nayo, imemwogopesha njiani. Msikimbilie kuwasha gari. Mwacheni kwanza mtu aimbe.

Ugonjwa mwingine wa Beni ulikuwa joto. Gari likichemka, mafundi wengi hutoa termostati, kile kidude kinachodhibiti joto la injini, na kuitupa, wanasema hicho ni kifaa cha nchi za baridi. Kule chini Beni gari hilo litatulia kidogo. Lipandishe Butembo asubuhi ya baridi, injini haipati joto lake, inakunywa mazutu, yaani dizeli, bila adabu na kutoa moshi. Nimerudishia magari mengi termostati zilizotupwa na mafundi wenzangu, na wenye magari walinitazama kama mchawi. Muulizeni kwanza mtu anaishi wapi na anapita wapi, ndipo mguse gari lake.

Kisha kulikuwa na mfanyabiashara wa kakao wa Kalunguta, mtu mnene na mwenye wasiwasi, ambaye gari lake lilikuwa likigonga ko-ko-ko kila likiingia shimoni. Alikuwa ameshajiandaa kulizika. Niliweka turnevisi kila mahali, injini ikaniambia haina shida yoyote. Nikaifuata ile sauti nyuma, kwenye tairi la akiba, nikakuta chupa ya maji ya baraka ambayo mke wake aliificha ili imlinde njiani. Tulicheka sote. Niliirudisha palepale, nimeifunga kwa kitambaa, na gari likanyamaza.

Barabara za Beni zilipoanza kuwa ngumu, watu wakawa hawasafiri wanavyotaka, nilihamia Butembo, kwa wakwe. Masika alikuwa na kipande cha parseli pale, na hapo ndipo nilipoanza kuchagua vyombo vyangu mwenyewe. Sehemu hii someni vizuri, maana wengi wenu mnanunua vyombo kwa macho.

Cha kwanza nilichonunua ni shandeli, vile viti vya chuma vya kuegemezea gari. Sikuanza na krik, yaani jeki. Krik unaweza kuazima kwa jirani yeyote, na krik itakuangusha siku yoyote, ikitoa mafuta kidogo tu. Shandeli haina ahadi, inasimama tu. Usipokuwa nazo, kata gogo la mkaratusi, lakini usilale chini ya gari lililoshikwa na krik peke yake hata kama unachungulia tu. Baada ya hapo nunueni kle, yaani spana, chache nzuri kuliko sanduku zima la zile zinazong'aa. Magari yetu ya Kijapani yanataka kumi, kumi na mbili, kumi na nne na kumi na saba, na ile ya kumi itapotea, mjiandae. Nunueni etau nzito, jiliwa la kubania vyuma, muifunge kwenye kisiki kilichozama ardhini. Pateni na kipande cha tuyo, ule mrija wa plastiki, inayoonyesha ndani, ya kupitishia mazutu, ili muone kwa macho kama kuna mapovu ya hewa. Kipande hicho kimeniokoa mara nyingi kuliko mashine yoyote.

Compresseur, mashine ya kushindilia hewa, niliinunua mapema mno. Umeme ulikuwa hauji, jenereta ilikuwa haiiwezi, basi ikakaa pembeni mpaka kuku wa Masika akaamua kwamba ni mahali pazuri pa kutagia. Alitotoa vifaranga pale. Kwa muda mrefu ndiyo kazi pekee iliyofanya, nayo kwa kweli iliifanya vizuri.

Nilichimba pia fosi, lile shimo la kusimama chini ya gari. Sikufikiria maji ya Butembo. Msimu wa mvua likajaa, na vyura wakahamia. Mchana nilikuwa natoa maji kwa ndoo, asubuhi yamerudi na vyura wamerudi nayo. Siku nyingine nilikaa ukingoni bila kufanya kitu, nikiwasikiliza. Nikiwasha injini walinyamaza wote kwa pamoja. Nikizima, mmoja alianza, kisha wa pili, mpaka uwanja ukajaa tena. Nilikuja kulisakafia na kulichimbia mfereji, lakini nakiri niliwakosa wale vyura.

Sasa nifike kwenye gari la mwisho, kwa sababu najua ndilo mnalotaka.

Mama Kahindo mnamfahamu, yule mjane anayeleta samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani, katika soko letu. Ana pikapu ya zamani, ya mazutu, imeliwa na kutu chini kwa sababu ya maji ya samaki. Shofere wake ni Katembo, mtu mpole asiyependa maneno. Walinijia na malalamiko ya ajabu. Pikapu hii haikuwa na ubaya wowote popote, isipokuwa mahali pamoja. Ikitoka ziwani na mzigo, ikipanda ule mlima wa kuelekea Kyondo, inafika kwenye kona fulani na kufa. Wanakaa. Baadaye inawaka yenyewe na kuendelea hadi Butembo. Safari ijayo, kona ileile.

Nilimwomba Katembo aimbe. Akaona haya, akaimba kwa sauti ndogo sana: sauti inayopungua, inayopungua, kisha hakuna.

"Hailete kelele?" nikauliza. "Haigonge?"

"Hapana, Papa. Inalala tu. Kama mutoto."

Nikabadilisha filtre. Nikaweka ile tuyo yangu inayoonyesha ndani, sikuona povu hata moja. Nikafungua pampu, nikaisafisha. Nikalipandisha gari vilima vyote vya Butembo, likapanda bila manung'uniko. Wakaenda ziwani, na kwenye kona ileile likafa. Nilianza kulichukia gari lile, na mimi si mtu wa kuchukia magari. Mama Kahindo peke yake ndiye hakulalamika. Niliona kwamba kila nikimwambia sasa nimepata, uso wake unaingia wasiwasi, na kila nikisema bado sijapata, anapumua. Sikuelewa.

Mwishowe nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama magoti yangu yangeniruhusu: nikaenda nao. Gari huwa na ugonjwa wake, na ugonjwa una mahali pake na mzigo wake. Tukashuka Kyavinyonge. Katembo akamimina mazutu kutoka bidoni, lile dumu la plastiki, hadi tenki likajaa pomoni, wakapakia samaki, nami nikajilaza nyuma juu ya masanduku, sikio kwenye bati la gari. Joto la ziwa likabaki nyuma yetu. Kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyopoa, mawingu yakashuka mpaka kwenye migomba, na maji ya ziwa yakawa kipande cha mwanga kisicho na ukingo. Injini ilinivuma mifupani. Nilikuwa karibu kusinzia kama siku ile ya Beni niliposikia inapungua. Haikugonga. Ilipungua, ikalegea, ikalala.

Katembo akaweka jiwe chini ya tairi. Mama Kahindo alikuwa ameshashuka, hata gari halijatulia vizuri, kama mtu anayefika kwake. Akatembea mpaka ukingo wa kona, akajifunga kitenge mabegani, akaanza kuongea. Mbele yake kulikuwa na ukungu tu.

"Mvua kali imeharibu bati ya jikoni," nilimsikia akisema. "Nitaitengeneza. Mutoto wetu Kanyere amepita darasa. Njo habari, ndiyo hiyo, Papa Paluku. Samaki inatoka kidogo, lakini tunaendelea."

Nikamgeukia Katembo. Naye akanieleza kwa sauti ya chini. Paluku alikuwa mume wake. Walikuwa wakifanya biashara hii pamoja, naye aliugua kule ziwani. Walimweka ndani ya pikapu hii, kiti cha mbele, upande wa mlango, wakimkimbiza hospitali ya Butembo. Kwenye kona hii aliegemeza kichwa kwenye kioo kama anayesinzia, na baadaye ndipo walipojua kwamba roho ilikatikia hapa. Baada ya matanga gari liliporudi kazini, ndipo lilipoanza kusimama hapa.

"Nawe hufanya nini likisimama?" nikamuuliza.

"Nafunguaka tenki, naangalia kama mazutu iko. Inakuwaka mule tu, mingi. Nafunga. Kisha gari inawaka."

Nilimtazama yule mtu mwema. Alikuwa akiliponya gari kila safari kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwomba asiguse, nikazunguka hadi kwenye tenki, nikaweka mkono juu ya kifuniko, nikakifungua polepole.

Likavuta pumzi. Sina neno jingine. Lilivuta pumzi ndefu, nzito, ya mtu aliyechoka, na kona yote ikaisikia.

Mama Kahindo aligeuka. Uso wake ulikuwa umelainika, macho yana maji.

"Umesikia, Papa Kakule? Njo yeye, ndiye. Anapumuaka vile kila mara, kisha anatuachilia tuende."

Na mimi vidoleni nilikuwa nimeshika sachet nyeusi ya plastiki, imenyonywa ndani ya shingo ya tenki mpaka imefanya umbo la kikombe. Mashofere wetu wa milimani wote wanaifanya kazi hii. Tenki likijaa na mlima ukisimama, mazutu huchuruzika nje, basi wanafunika mdomo kwa sachet na kukaza kifuniko juu yake. Hawajui kwamba kifuniko kina kitundu cha kuvutia hewa. Kikizibwa, kila tone linalotoka tenkini linaacha utupu nyuma yake, hadi utupu unakuwa na nguvu kuliko pampu. Kifuniko cha asili kiliibwa wakati wa matanga, Katembo akanunua kingine kisichokaa vizuri, ndipo akaongeza sachet. Kwa tenki lililojaa ziwani na mzigo uleule, utupu ulikuwa ukishinda palepale, kwenye kona ya Paluku.

Nilifikiria kuitia sachet mfukoni na kunyamaza. Ningeweza. Lakini kona ile ni nyembamba, malori hushuka pale na breki zilizochoka, na katika ukungu hakuna dereva anayeona pikapu iliyosimama mpaka amefika juu yake. Niliogopa siku moja wote wawili watabaki pale na Paluku. Basi nikamwambia. Nikamwonyesha sachet, nikaifunga tena na kuifungua, nikamweleza taratibu nilivyoweza.

Aliishika mkononi muda mrefu.

"Donc siku zote hizi nilikuwa naongea na sachet?"

Hakuna aliyecheka. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya kazi yangu, na nilikuwa nimefaulu.

Tiba yenyewe ni ndogo, ijueni: nilitoboa kifuniko kwa msumari mwembamba, nikakata mpira wa tairi la ndani kuwa duara la kuzuia mazutu, sachet nikaitupa. Gari lilipita ile kona bila hata kupunguza mwendo. Katembo alinipigia simu kunishukuru.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Mama Kahindo aliingia uwanjani kwangu, amevaa nguo za kanisani. Masika akamletea kiti. Hakutaka chai.

"Papa Kakule, gari haikusimama," akasema. "Tulimupita. Tulimupita kama mutu hatumujue. Niligeuka kwa kioo, sikuona kitu. Amebakia pale peke yake."

"Mama, lile lilikuwa tenki..."

"Ninajua ni tenki! Umenionyesha, nimeona." Kisha akaniambia kwa upole, akitazama mikono yangu: "Rudisha ile sachet."

Maisha yangu yote nimeombwa kutoa ubovu. Kuombwa kuurudisha, hilo halijawahi kunikuta, na sikuwa na chombo chochote cha kazi hiyo. Ningeikataa, ningemvunja. Ningeikubali, ningemwua kwenye kona ile.

Masika ndiye aliyeongea. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, akichambua maharage.

"Mama Kahindo," akasema, "ile siku mulikuwa munamupandisha Papa Paluku, nani alimwambia njia?"

Kwetu, ukimrudisha marehemu nyumbani, hawezi kuachwa hivihivi barabarani. Kuna mtu anayekaa naye na kumwambia njia: tumefika hapa, sasa tunavuka maji, sasa tunapanda, tufuate. Asipoambiwa anabaki pale alipokatikia, hajui wenzake wamekwenda wapi. Mimi mwenyewe nilimwambia njia Tata Mbusa, tukimtoa hospitalini hadi kwake.

Mama Kahindo alimtazama Masika bila kupepesa.

"Hakuna," akasema. "Hakuna mutu. Tulifikiri angali muzima. Katembo alikuwa anakimbiza, miye nilikuwa nasema vumiliya, vumiliya, tunafika. Mpaka hospitali njo wakatuambia." Akaweka mkono mdomoni. "Hatukumwambia hata fasi moja, hata mahali pamoja."

"Basi hapana sachet," akasema Masika. "Kwendeni mumuchukue."

Akanigeukia mimi. Mama Kahindo pia akanigeukia. "Utakuya na sisi, Papa Kakule. Gari ikisimama katikati, nitamuacha tena fasi nisiyoijua. Hiyo sitaiweza."

Ndiyo sababu nilifungua lile gari upya, bolti kwa bolti, mimi na magoti yangu. Niliwasumbua ninyi nyote wiki ile na hamkujua kwa nini. Nilibadilisha mirija, nikakaza mikanda, nikasafisha nyaya za betri, nikasikiliza kila pembe kwa turnevisi mpaka Masika akaniita kula na sikusikia. Pikapu ya kutu ya samaki haijawahi kutunzwa vile.

Tulishuka hadi ziwani na kugeuka bila mzigo. Nilikaa nyuma, mgongo kwenye kabini, kioo chake kimevunjika zamani kwa hiyo nilisikia yote. Kwenye kona Katembo alisimamisha gari mwenyewe. Mama Kahindo akashuka, akafungua mlango wa upande ule, akausubiri ukungu.

"Papa Paluku," akasema. "Siku ile tulikuacha. Hatukujua. Ingia, tuende kwetu."

Kisha akapanda kwa upande wa shofere, akakaa katikati, kiti cha mlangoni akakiacha wazi.

Sijawahi kusikiliza injini kama siku ile. Kila tulipopita Mama Kahindo alimwambia Paluku. "Hapa ni ile chanzo ya maji, unaikumbuka." "Hapa batu ba Kyondo, wanakusalimia." Palipo na mteremko alisema tunateremka, palipo na matope alisema gari itatikisika, jishike. Kwenye mlima wa mwisho injini ilisita, mara moja tu, pengine tone la maji kwenye mazutu. Niliweka kiganja kwenye bati na kuomba, kwa sauti, sikujali nani ananisikia. Ikajishika, ikaendelea. Ndani ya kabini sauti ya Mama Kahindo haikukatika.

"Tunaingia Butembo, Papa. Huku njo muto Kimemi, tunavuka. Ile ni soko. Walijenga nyumba mupya pale, utashangaa."

Watu barabarani walitupungia mkono, wakidhani tumeleta samaki.

Makaburini Katembo aliingiza gari hadi lilipofika kwenye msalaba wa Paluku, akalisimamisha. Mama Kahindo alizunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa kile kiti kitupu, akaushika wazi kwa mikono miwili.

"Tumefika," akasema. "Hapa njo kwako. Shuka polepole."

Akasubiri kadiri mtu mgonjwa anavyohitaji ili kushuka. Kisha akaufunga mlango.